Kupanga na kuvisha nyaya kwenye kompyuta inayopozwa kwa maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu anayejijengea kompyuta ya kupozwa kwa maji. Pampu, tangi, rejeta na mabomba ameshavichagua, na sasa amelikodolea macho rundo la kebo asijue aanzie wapi. Kuvisha, kwa maana ya hapa, ni kuutia kila waya ndani ya ala ya nyuzi zilizosukwa, ambayo mafundi huiita slivu. Kila jibu linasimama juu ya sharti moja: kebo yoyote iweze kuchomolewa bila kumwaga maji.

Kompyuta inawaka hata nyaya zikiwa shaghalabaghala. Kwa nini nihangaike?

Kwa sababu ndani ya kasha hilo kuna maji. Kwenye kompyuta ya feni tupu, nyaya zilizorundikana huziba hewa kidogo na kukusanya vumbi, basi. Kwenye kompyuta ya maji, waya uliopita chini ya kiungio ni mfereji. Tone likiangukia kebo halitulii pale pale. Huteremka na waya hadi mahali pa chini kabisa, na mara nyingi mahali hapo pana plagi. Niliwahi kufungua kompyuta ambayo kiungio cha tangi lake kilikuwa kikitoa tone moja moja. Alama ya maji yenye rangi niliikuta karibu sentimita 20 kutoka pale, kwenye plagi kuu ya umeme, ile ya pini 24. Mwenye kompyuta alikuwa amekagua viungio vyake kila wiki, lakini kebo hakuwahi kuigusa.

Kwa hiyo kabla ya kuwaza rangi, angalia juu ya kila kebo kuna nini. Ikilazimu kebo ipite chini ya kiungio, iache ining'inie kidogo chini ya plagi kisha ipande kuingia, ili tone lidondokee sakafu ya kasha.

Nianze na maji au nianze na nyaya?

Vipange kwa pamoja, kisha uvifunge kwa zamu. Ya kwanza kabisa ni kebo ya prosesa, ile ya pini 8 inayoingia kona ya juu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Rejeta ya juu ikishafungwa na feni zake, tundu la kupitishia kebo hiyo hufunikwa na vidole havifiki tena. Hapa ndipo wengi hulia: wamekunja mabomba magumu, wamejaza maji, ndipo wanakumbuka kebo ya prosesa.

Baada ya hapo fuata nyaya ndogo za chini ya mazabodi: swichi ya kuwashia, sauti, USB ya mbele. Hizi hufichwa na kadi ya grafiki, na kadi ikishaungwa kwenye mabomba huwezi kuitoa bila kumwaga maji. Halafu feni na rejeta. Halafu mabomba, yakiwa makavu. Kebo ya pini 24 na zile za kadi ya grafiki huja mwishoni kwa kuwa ndizo zinazoonekana, lakini njia yake uwe umeshaijaribu mapema kwa kebo ya kawaida ambayo haijavishwa. Bomba gumu halisogei likishakunjwa. Waya husogea.

Nitumie kebo za kurefushia au nitengeneze kebo nzima?

Kebo ya kurefushia huchomekwa kwenye ncha ya kebo iliyokuja na pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Ni salama kwa anayeanza, kwa sababu hugusi mpangilio wa pini: pini ya 1 inakwenda kwa pini ya 1. Ubaya wake ni kwamba kebo ya zamani bado ipo, na lazima uilaze nyuma ya mazabodi. Makasha mengi yana nafasi ya milimita 20 hadi 25 tu huko nyuma. Ukiweka humo plagi mbili za pini 24 zilizoungana, kidhibiti cha feni na nyaya za pampu, mlango wa nyuma utafungwa kwa goti. Mlango unaosukuma nyaya unazikandamiza kwenye plagi usiku na mchana.

Kebo nzima, kutoka pawa saplai hadi kwenye kifaa, ni kazi kubwa zaidi lakini ndiyo inayoacha nafasi. Mimi ningemshauri mtu avishe kwanza kebo moja ya kurefushia ya pini 8, aone mkono wake ukoje, ndipo aende kwenye kebo nzima.

Nina kebo nzuri kutoka pawa saplai nyingine. Zinaingia vizuri. Nizitumie?

Hapana. Ukisoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Mpangilio wa pini upande wa mazabodi, kadi na diski ni wa kawaida kwa wote. Upande wa pawa saplai hakuna kawaida yoyote. Kila mtengenezaji huweka volti 12, volti 5 na ardhi (njia ya umeme kurudi) anapotaka, na hata mtengenezaji mmoja huweza kubadilisha kati ya toleo na toleo. Plagi inaweza kuingia, ikatoa mlio wa kushika, na ikapeleka volti 12 mahali panaposubiri volti 5. Diski hufa papo hapo. Rafiki yangu alipoteza diski mbili zenye picha za miaka mingi kwa kebo iliyoingia bila kulazimishwa hata kidogo.

Kabla ya kutengeneza kebo nzima, chukua kebo ya asili na maltimita. Weka mita kwenye alama ya kupima mwendelezo, ile inayolia, kisha gusa pini moja ya upande huu na utafute inayolia upande wa pili. Andika kwenye karatasi. Usiamini rangi, kwa maana kebo nyingi za sasa ni nyeusi zote, na usiamini mchoro wa mtu mwingine bila kuupima.

Nimeona pini moja ina nyaya mbili. Ni kosa la kiwandani?

Si kosa. Waya wa pili, mara nyingi mwembamba, ni wa kupimia: pawa saplai huutumia kujua volti zinazofika kwenye mazabodi ni ngapi hasa, ili irekebishe. Kwenye plagi ya pini 24 utaukuta mara nyingi kwenye pini ya 13, ya volti 3.3. Usiukate. Utengeneze kwa kuziingiza nyaya mbili kwenye pini moja, kisha uuvishe waya wa pili kivyake na kuuficha nyuma ya mwenzake. Pini ya 20 nayo kwa kawaida iko tupu kwenye pawa saplai za kisasa. Ilikuwa ya volti hasi 5, ambazo hazitumiki tena.

Slivu ya PET au ya parakodi?

PET ni plastiki ngumu kidogo, inang'aa, na nyuzi zake hupanuka ukizisukuma na kubana ukizivuta. Waya uliovishwa PET husimama wenyewe na kushika mkunjo. Haifyonzi maji kwa urahisi. Kasoro yake ni kwamba rangi za mwanga, hasa nyeupe, huonyesha waya wa ndani, kwa hiyo chini yake tumia waya mweupe au mweusi kulingana na rangi uliyochagua.

Parakodi ni kamba ya nailoni iliyotolewa nyuzi za ndani. Inafunika kabisa, ni laini, na rangi zake ni nyingi mno. Lakini nailoni iliyosukwa hunyonya maji kama utambi. Maji ya kupozea yakiigusa yatasafiri ndani yake huku kwa nje ukiona doa dogo tu. Kwa kebo zinazopita karibu na tangi au pampu mimi huchagua PET kila mara. Kebo ya prosesa ambayo haina kiungio juu yake, ivishe unachopenda.

Kwa waya mmoja mmoja, slivu ya milimita 4 ndiyo inayotumika sana.

Vifaa gani siwezi kuvikwepa?

Koleo la kubania pini la aina sahihi, kifaa cha kuchomolea pini, kisu cha kumenya waya chenye matundu ya vipimo, mkasi mkali, kiberiti cha gesi, maltimita na rula. Koleo ndilo la kutumia fedha nyingi kuliko vyote. Pini ya plagi hizi, za jamii ya Molex Mini-Fit Jr., ina mbawa ndogo sana, na koleo la fundi wa magari huziponda badala ya kuzikunja.

Nichomoeje pini bila kuivunja?

Pini hushikwa ndani ya plagi na vindoana viwili vilivyochomoza pembeni. Usianze kwa kuvuta. Kwanza sukuma waya ndani, kuelekea mbele ya plagi, ili vindoana viachie ukuta. Ingiza kifaa kwa mbele, pande zote mbili za pini, hadi ukihisi kimefika mwisho. Ndipo uvute waya taratibu. Ukihisi inakataa, toa kifaa na urudie. Anayeng'ang'ania kwa nguvu hubaki na waya mkononi na pini ndani ya plagi.

Kabla ya kuirudisha, inua vindoana kwa ncha ya kisu, kwa kuwa kifaa kimevilaza. Pini ikiingia vizuri utasikia mlio mdogo. Vuta waya kidogo. Pini inayorudi nyuma haijashika, na pini ambayo haijashika hupata joto kwenye mguso wake.

Nibaneje pini mpya?

Menya waya milimita 3 hadi 4, basi. Pini ina jozi mbili za mbawa. Jozi ya mbele hushika shaba tupu, jozi ya nyuma hushika plastiki ya waya. Kosa la kawaida ni kuusukuma waya mbele mno, plastiki ikaingia chini ya mbawa za mbele. Kwa macho inaonekana imara, lakini mbawa zimebana plastiki na shaba inagusa kwa shida. Umeme ukipita hapo kwa saa kadhaa, plagi huanza kugeuka rangi.

Baada ya kubana, iweke pini chini ya taa na uitazame kwa lenzi. Ukiitazama kwa mbele, mbawa za mbele ziwe zimejikunja kuingia kati ya nyuzi za shaba kama pembe mbili za kondoo. Hakuna uzi wa shaba uliobaki nje. Kisha vuta kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Mimi hubana pini kumi za majaribio kwenye vipande vya waya kabla ya kugusa kebo ya kweli, hata leo.

Usilehemu pini iliyobanwa vibaya ili kuiokoa. Lehemu hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu, nao hukatika pale pale unapoanza kupinda. Kata, ubane nyingine.

Mrija unaonywea kwa joto, au ncha zilizoyeyushwa?

Mrija unaonywea kwa joto hushika slivu mwishoni, lakini huacha ukanda mweusi unaoonekana karibu na plagi. Kata vipande vyote kwa urefu mmoja, mathalani milimita 15, na uingize nusu yake ndani ya plagi.

Wengi sasa huutoa mrija baada ya kuupasha. Njia yenyewe ni hii: vuta slivu hadi ifunike sehemu ya nyuma ya pini, vika kipande cha mrija juu yake, pitisha moto wa kiberiti huku ukizungusha waya, kisha mrija ukiwa bado wa moto uvute utoke. Slivu iliyo chini yake imeyeyuka kidogo na kushika plastiki ya waya. Mwali ukae mbali kiasi cha kupasha tu. Ukigusa slivu yenyewe, itageuka nyeusi na hakuna dawa isipokuwa kuanza upya. Slivu inyooshwe kabla ya kuishikisha. Ukiiacha ilegee, mwezi mmoja baadaye itarudi nyuma na waya utachungulia kwenye plagi.

Napimaje urefu?

Tumia uzi au kipande cha waya kisicho na kazi. Upitishe kwenye njia halisi, mabomba yakiwa yamefungwa, kisha uongeze kidogo kwa ajili ya kuchomeka na kuchomoa. Usikate nyaya zote 24 kwa urefu mmoja kama kebo ina mkunjo unaoonekana, na hili huwachanganya wengi. Safu mbili za pini kwenye plagi hiyo ziko umbali wa milimita 4.2. Kebo ikipinda digrii 90, safu ya nje husafiri njia ndefu zaidi kwa takriban milimita 6.6. Ikipinda digrii 180, tofauti inafika milimita 13. Usipoipa safu ya nje urefu huo, safu ya ndani itavimba na kutoka nje ya mstari, na hakuna kitana (kibanio chenye nafasi za kuzishika nyaya zikae sambamba) kitakachoinyoosha.

Njia yangu ni kufunga pini upande mmoja tu, kukunja kebo mahali pake ikiwa na vitana, kisha kukata upande wa pili nikiwa naona kwa macho.

Unene wa waya una maana?

Una maana. Waya wa 18 AWG (kipimo cha unene ambacho namba ikipungua waya huwa mnene zaidi) unatosha kwa kazi nyingi. Una ukinzani wa takriban miliomu 21 kwa mita. Plagi ya kadi ya grafiki ya pini 8 hubeba wati 150, yaani ampea 12.5 kwenye nyaya tatu, karibu ampea 4.2 kila mmoja. Kwa kebo ya sentimita 60 unapoteza takriban volti 0.1 kwa kwenda na kurudi. Inavumilika. Waya wa 16 AWG hupunguza upotevu huo, ila ni mnene na slivu huingia kwa taabu.

Na plagi mpya ya pini 16 ya kadi za grafiki?

Hiyo usianze nayo. Hubeba hadi wati 600, yaani ampea 50 kwenye nyaya sita, na pini zake ni ndogo, zimeachana milimita 3 tu. Kosa dogo la kubana linageuka moto. Nunua iliyotengenezwa tayari kwa ajili ya pawa saplai yako. Isukume hadi mwisho, uangalie kwa pembeni kwamba hakuna mwanya, na usiipinde ndani ya milimita 35 za kwanza kutoka kwenye plagi. Kama kioo cha kasha kinaisukuma, badilisha njia ya kebo. Ukiwa na kadi iliyosimamishwa wima, pima umbali huo kabla hujakunja bomba lolote.

Nyaya za pampu na feni zinanitesa. Nifanyeje?

Pampu ya aina ya D5 huweza kula takriban wati 23. Soketi nyingi za feni kwenye mazabodi hutoa ampea 1, yaani wati 12. Ndiyo maana pampu hupata umeme wake moja kwa moja kutoka pawa saplai, na waya mwembamba unaokwenda kwenye mazabodi hubeba ishara tu. Ishara ya mzunguko ichomeke kwenye soketi ya feni ya prosesa: pampu ikisimama, kompyuta itakuonya.

Feni zikusanywe kwenye kidhibiti kimoja chenye umeme wake, nyuma ya rejeta kama kuna nafasi. Nyaya za feni ni fupi, hivyo geuza feni kabla ya kufunga rejeta ili nyaya zote zitokee kona moja. Dakika mbili za kugeuza feni huokoa jioni nzima.

Taa zina mtego wake. Plagi ya pini 3 ni ya volti 5, ya pini 4 ni ya volti 12. Ukiupa mkanda wa taa wa volti 5 umeme wa volti 12, mkanda huo umekufa.

Nitajaribuje uvujaji bila kuhatarisha vifaa?

Chomoa kila kebo ya umeme kwenye mazabodi, kadi na diski. Ibaki pampu tu ikiwa imechomekwa. Pawa saplai haiwaki bila amri ya mazabodi, kwa hiyo chomeka daraja kwenye plagi ya pini 24 linalounganisha pini ya 16 na ardhi. Jirani zake, 15 na 17, zote ni ardhi. Madaraja ya plastiki yanauzwa tayari, na ni salama kuliko kipande cha waya kinachoning'inia. Tandaza karatasi laini nyeupe chini ya kila kiungio. Pampu isizunguke kavu hata sekunde chache. Jaza tangi, washa, zima, jaza tena.

Hapa ndipo utajua kama kebo zako zimepangwa sawasawa. Kama kuchomoa kebo ya prosesa au ya kadi kumekulazimisha kulegeza kiungio, rudi nyuma upange upya sasa hivi, maji yakiwa bado machache.

Vitana au kushona kwa uzi?

Vitana vilivyofunguka upande mmoja huwekwa kebo ikiwa imeshachomekwa, lakini huchomoka kwenye mkunjo. Vilivyofungwa huingizwa kabla ya kufunga pini, na havitoki. Weka kimoja karibu na plagi, kimoja kabla ya mkunjo na kimoja baada yake. Kushona kwa uzi uliotiwa nta ni kazi ya subira na hupendeza sana, ila siku ya kubadilisha waya mmoja utakata mishono yote. Nyuma ya mazabodi tumia mikanda ya velkro. Vifungo vya plastiki huhitaji kukatwa, na mkasi karibu na waya mpya ni hatari.

Maji yakimwagikia kebo iliyovishwa?

Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha toa kebo hiyo nzima nje ya kasha. Usiifute ikiwa mahali pake. Maji ya kupozea yana dawa na rangi ambazo hubaki kwenye nyuzi hata baada ya kukauka. Chomoa pini kwenye plagi, suuza kebo kwa maji yaliyotoneshwa, na uiache ikauke siku kadhaa huku plagi zikitazama chini. Parakodi iliyolowa mimi siiokoi. Naivua slivu yote na kuvisha mpya. Kisha kagua kila pini kwa lenzi. Ukiona kijani kwenye shaba, kata pini hiyo.